Mishale Miwili kwenye Bastola ya Ami

Ami,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima, walioko Maskati na waliobaki Unguja, natangaza rasmi kupotea kwa kifuniko cha chupa yako ya chai. Ni ile chupa nyekundu yenye maua, tuliyokuwa tukienda nayo shabaha kila Ijumaa asubuhi. Kifuniko kilionekana mara ya mwisho siku za rambirambi, mkononi mwa mgeni mmoja aliyekigeuza kikombe cha kahawa. Msako umefanyika jikoni, barazani na ndani ya magari yote. Hakuna aliyekamatwa. Chupa yenyewe ni nzima, ila sasa inazibwa kwa kitambaa, na hadhi yake imeshuka.

Nimeanza na hilo kwa sababu mengine ni mazito, na mimi nayasogelea mazito kwa ubavu, kama kaa. Wewe ulilijua hilo. Ulikuwa ukiwaambia wageni, mimi nikiwa nimekaa pale pale: "Huyu mkwe wangu hasemi kitu mpaka akizunguke mara tatu."

Basi habari za nyumbani. Mama ametoka edani, alhamdulillahi, na amerudia kuwagombeza watu, kwa hiyo tumejua yu mzima. Nyumba ya Bawshar iko vile vile, na bado anaiweka baridi kama ya duka la samaki, sisi wengine tunakaa na majoho. Shemeji Khamis amenunua gari jingine jeupe. Usiniulize kwa nini, hata yeye hajui. Zuwena, binti yako na mke wangu, bado anajipaka wanja ndani ya gari nikiendesha, hata tukipita yale matuta ya karibu na msikiti, na hajapata kujichoma jicho. Na kule uwanja wa shabaha, nyuma ya Sib, wamepaka ukuta rangi na langoni wamebandika kanuni mpya. Ndefu. Sikuzisoma.

Sasa bastola. Najua ndiyo uliyokuwa ukiisubiri tangu mstari wa kwanza, na huko uliko unagonga goti kwa kidole kama ulivyokuwa ukigonga ukinisubiri nipige.

Mwenzio nakumbuka siku ya kwanza uliyonionesha. Nilikuwa nimeshamwoa Zuwena mwaka mzima, na mimi na wewe hatujazungumza zaidi ya salamu na hali ya hewa. Na hali ya hewa ya Maskati haibadiliki, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa mafupi. Hukunipenda. Ulipoambiwa kwamba wazee wangu walirudi Oman kutoka Tabora, ulisema, "Aa. Bara," kwa sauti ya daktari aliyekwisha kuona picha ya eksirei. Kiswahili changu kilikukera. "Sikilizeni anavosema 'nina'," uliwaambia watoto mezani. "Mtu anaomba chumvi utadhani yuko juu ya membari. Sema nna, mwanangu, chakula kinapoa."

Halafu Ijumaa moja Khamis, kama kawaida yake, hakutaka kuamka, na wewe hukutaka kwenda peke yako, ukanitazama kwa kukosa wa kumtazama. Ukasema, "Wewe wa bara, unajua kubeba chupa ya chai?"

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Ulilifungua taulo lako mezani uwanjani, na mimi nilitegemea kitu cha kung'aa. Nikaona chuma cheusi kilichochubuka, kizito, mpini umepasuka kidogo, umri wake mkubwa kuliko wako. Bastola ya jeshi la Waingereza, ya kuvunjika katikati: unabonyeza kilimi cha pembeni, mtutu unainama mbele, na kile kigurudumu cha matundu ya risasi kinajitokeza kama kinatoa taarifa. Uliinunua Nizwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akiigongea misumari. Ukaitafutia leseni, ukaisafisha, ukakaa nayo. Wengine wanakusanya nyingi. Wewe ulikusanya moja, ukasema mkusanyo umetimia.

Ukanipa lenzi yako. "Tazama hapa, chini ya mtutu." Palikuwa na alama ndogo, mshale mmoja. Ukasema hiyo ni alama ya mali ya jeshi. Pembeni yake palikuwa na mishale miwili iliyoelekezana, imegongana vichwa. "Na hii?" ukaniuliza. Sikujua. "Hii maana yake imeuzwa nje. Jeshi halina haja nayo tena. Hiyo, mwanangu, ni talaka." Ukaifunga, ikalia klak. "Na mimi wamenigonga mishale miwili siku ile niliyostaafu bandarini. Wakanipa na saa ya ukutani."

Nilicheka kabla sijajizuia. Ukaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayemwona aliyekaa naye.

Baada ya hapo zikawa Ijumaa zetu. Risasi zake zilikuwa za shida kupatikana, kwa hiyo ulikuwa ukipiga moja, unaiweka chini bastola, unamimina chai, unazungumza, halafu unapiga nyingine. Watu wa pembeni walikuwa wakimaliza boksi zima, wewe bado uko kwenye risasi ya pili na kisa cha kwanza. Mambo yote ninayoyajua juu yako niliyapata kati ya risasi na risasi. Kwamba ulifika hapa kijana huna Kiarabu cha kununulia mkate. Kwamba uliona haya kucheza na Khamis alipokuwa mdogo, kwa sababu baba yako hakucheza na wewe na hukujua inaanzwaje. Mambo haya hukuyasema nyumbani. Nyumbani ulisema, "Chai iko wapi?"

Na ulinifundisha kupiga. "Usivute triga. Ikaze. Polepole, kama hutaki ijue. Ikikushtua, umepiga vizuri." Mimi haikunishtua kamwe. Nilikuwa najua lini inalia, na risasi ikawa inajua kwamba najua, ikenda kwenye mchanga. Nikageuka kukutazama, na wewe ukawa unatazama mlima kwa adabu.

Sikuwa na baba wa kumsimulia makosa, Ami. Unalijua hilo. Wangu alikufa mimi sijaanza skuli. Kwa hiyo niliendelea kukosa shabaha kwa furaha.

Sasa nikwambie yaliyotokea ulipoondoka.

Uliondoka ghafla, na makaratasi yako yote ulikuwa umeyanyoosha, ila leseni ya bastola ilikuwa ya jina lako na imekufa nawe. Afisa wa leseni alituambia kwa upole kwamba kuna njia tatu. Mrithi mmoja aombe leseni na afanye mtihani. Au irudishwe. Au ipelekwe kwa fundi aliyeidhinishwa, mtutu utobolewe na kuzibwa, iwe pambo la ukutani, haitapiga tena milele.

Warithi walikaa barazani. Mimi nilikuwepo kwa sababu ya kupitisha halua. Wewe unajua ninavyowaza nikiwa nimenyamaza, basi niliigawa bastola kichwani kwa sharia. Mama ana thumuni, nikampa mpini. Khamis ana mafungu mawili, nikampa mtutu na kigurudumu. Zuwena ana fungu moja, nikampa triga na skrubu zilizobaki. Mkwe hana kitu. Mkwe nikampa harufu ya baruti.

Khamis akasema, "Itobolewe. Tuitie kwenye kioo, tuiweke majlisi pamoja na jambia la Baba. Watu wakija waione." Alisema kwa mapenzi, usimwonee. Tangu ile siku ulipomchukua uwanjani akiwa mdogo, akalia kwa mlio, hataki kusikia hata puto. Alitaka kukuweka mahali ambapo hulii.

Zuwena akasema, "Chuma hicho mimi hakinihusu."

Mama alikuwa chumbani, edani. Wakasema watamwambia baadaye.

Na mimi nikasema, "Nani bado hajapata halua?"

Ningesema nini? Kwamba isitobolewe kwa sababu mimi nina raha zangu za Ijumaa? Mali si yangu, baba si wangu. Mtu aliyeletwa na ndoa hapandishi sauti katika mirathi, hata Tabora tunalijua hilo. Lakini moyoni, Ami, nilijua ikitobolewa wewe utakuwa umeisha. Picha yako ipo, saa yako ya ukutani ipo, wala sizungumzi nazo. Pale tu, kati ya risasi na risasi, ndipo ulipokuwa ukizungumza na mimi. Nilitaka pabaki.

Basi siku ya siku Khamis akachukua kibali, akaichukua bastola kutoka kabatini chumbani kwa Mama, ndani ya taulo lake, akaniomba nimsindikize Hamriya kwa fundi. Ilikuwa katikati ya kiangazi, lami inanata kwenye viatu. Khamis hutoka jasho akiwaza tu, kwa hiyo kiyoyozi cha gari kilikuwa mwisho. Kutoka friji ya Mama tukaingia friji ya Khamis, na duka la fundi nalo likawa friji ya tatu.

Fundi, mtu wa maneno machache, akalifungua taulo. Akabonyeza kilimi cha pembeni. Haikufunguka. Akabonyeza kwa nguvu. Akajaribu kukizungusha kigurudumu, hakikuzunguka. Akajaribu kuivuta nyundo ya bastola, haikurudi nyuma. Akaiweka mezani, akajifuta mikono kwenye kitambaa, akainusa mikono, akatutazama.

"Mimi sitoboi silaha ambayo sijaiona ndani," akasema. "Nitajuaje kama haina risasi? Nendeni mkaifungue kwanza."

"Imekufa yenyewe," Khamis akaniambia, na nikaona macho yake yanalengwalengwa na machozi, kama kwamba hilo ndilo lililomthibitishia kifo chako.

Mimi niliinama nikanusa. Sikuwa na haja ya lenzi.

Nikamwambia, "Tutoke nje."

Nikaiweka juu ya boneti ya gari lake jeupe jipya, juani, taulo chini yake. Khamis akalalamikia rangi ya gari. Nikamwambia asubiri. Tukasimama kwenye kivuli chembamba cha duka la vitambaa, sisi wawili tumebanana kama nguo kwenye kamba, watu wa Hamriya wanapita wanatutazama. Na kidogo kidogo, Ami, bastola ya Mwingereza ikaanza kutoa jasho. Kwanza kwenye nyundo. Halafu pembeni mwa kigurudumu. Tone, na jingine, jeupe likigeuka maji. Na harufu ikatupanda, pale katikati ya moshi wa magari: mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi ya Mama, yale anayoyakamua mwenyewe, aliyowapaka nayo wanawe na wajukuu wote kichwani. Ameyamimina mpaka yakajaa kila upenyo, na baridi ya nyumba ikayagandisha kama samli.

Fundi akatoka kutazama. Nikabonyeza kilimi. Klak. Mtutu ukainama, kigurudumu kikajitokeza, na badala ya risasi zikamwagika karafuu. Karafuu kavu, kila tundu limejazwa, zikatapakaa juu ya boneti.

Fundi akaziangalia. Akasema, "Hizi ni za aina gani?" Na hakucheka, kwa hiyo mpaka leo sijui.

 Khamis aliziokota karafuu moja moja na boneti inamuunguza vidole, akazitia mfukoni mwa dishdasha, akaingia garini. Njia nzima ya kurudi Bawshar hakuwasha kiyoyozi.

Tulimkuta Mama kaketi kitandani na tasbihi yake. Khamis akamuuliza, kwa sauti ndogo, kama amepaka kitu kwenye bastola.

"Nimepaka, ndiyo," Mama akasema. "Baba yenu kila Alkhamisi jioni akiipaka mafuta, ije Ijumaa ikute iko tayari. Sasa kafa. Nani ataipaka, nyinyi? Mafuta yake siyajui, yananuka gereji. Nimepaka yangu. Na karafuu nimetia isiingie wadudu, kama sandukuni kwenye kanga."

"Lakini Mama, wewe ulikuwa huipendi."

"Siipendi mpaka kesho. Mke mwenzangu huyo, miaka yote kila Ijumaa analala mume kwangu anaamkia kwake." Akageuza tasbihi. "Lakini wake wenza wakifiwa hukaa eda pamoja. Nimekaa naye. Mulikuwa munampeleka wapi?"

Khamis akamwambia. Alikuwa hawezi kumtazama.

"Musimtoboe," Mama akasema, akarudi kwenye tasbihi.

Ndiyo basi. Wewe ulikaa naye miaka ukidhani humo nyumbani hakuna anayejua Alkhamisi yako inaendaje. Alikuwa anajua hata unaanza na upande gani. Nilipoisafisha baadaye nikakuta ameyaingiza mafuta kwa utaratibu ule ule wako, mtutu kwanza, halafu matundu, halafu bawaba. Amekosea mafuta tu.

Mimi hapo nikaona mlango umefunguka, na nakiri niliusukuma. Nikamwambia Khamis, kwa kuzunguka mara tatu, kwamba kama hakuna mrithi anayeitaka leseni, huenda warithi wakamwachia mtu wa karibu, mtu aliyezoea, mtu mwenye nafasi siku za Ijumaa. Khamis akanikumbatia. Akasema hakulifikiria, na ni jambo jema. Tukaenda pamoja kwa afisa. Kijana mzuri, mwenye adabu, akaniita "ammi", nikazeeka pale pale kwenye kiti.

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mkwe."

"Mkwe si mrithi, ammi. Lazima awe mrithi."

Nikamshukuru. Tukatoka. Khamis akaninunulia juisi ya embe kama mtoto aliyetoka kuchomwa sindano.

Aliyeamua ni Mama, kutoka kitandani, bila kunyanyua macho. "Si yupo Zuwena? Achukue Zuwena. Mumewe atampeleka."

Zuwena alikataa juma zima. Alisema chuma. Alisema kelele. Alisema yeye ana nyumba na kazi na si shekhe wa kabila. Halafu Alkhamisi moja nikamkuta jikoni amekaa, amekishika kile kitambaa chako cha kusafishia, amekiweka puani. Mimi nikajifanya nimefuata maji. Asubuhi yake akasema, "Huo mtihani uko wapi?"

Ningependa ungemwona, Ami. Alisimama pale uwanja wa mtihani na abaya yake, vifunika masikio juu ya mtandio, akainyanyua kwa mikono miwili. Nikaujua ule uso. Pumzi imezuiwa, mdomo wazi kidogo, jicho halipepesi: ni uso wa kijiti cha wanja, gari likipanda tuta. Akaikaza triga kama hataki ijue. Ilipolia ilimshtua mpaka kisigino kikanyanyuka. Matundu yake kwenye karatasi yalikaa karibu karibu kama vifungo. Msimamizi wa mtihani akamuuliza nani alimfundisha.

"Matuta ya Bawshar," akasema.

Leseni imetoka wiki iliyopita. Ijumaa hii ilikuwa ya kwanza yetu. Tulikwenda mapema, kama tulivyokuwa tukienda, na taulo lile lile. Alipiga moja. Akaiweka chini. Sikumwambia, wallahi sikumwambia, ni yeye mwenyewe aliyeiweka chini, akaja akakaa kwenye benchi, akasema, "Nimimine chai." Halafu akaniambia jambo ambalo hajaniambia tangu nimwoe. Ni lake, silitii hapa. Lakini nilipomsikia nikajua pamebaki, Ami. Pale pale, kati ya risasi na risasi.

Nakuahidi haya. Alkhamisi nitaipaka mimi, kwa mafuta yake halali ya silaha, kuanzia mtutuni, na tone moja la nazi nitalipitisha juu ya mpini ili Mama akiinusa asijue kuna mtu amemkosoa. Mama nitamtazama. Khamis amebaki na zile karafuu mfukoni na hajasema atazifanya nini, na mimi sitamuuliza. Na nimeitazama tena ile alama kwa lenzi yako. Ulisema mishale ile ni talaka. Mimi naiona kama imeelekezana tu, imefika, imesimama. Lakini miwani yangu ni ya zamani na mimi ni mtu wa bara.

Lala salama, Ami. Nna hamu nawe. Ona, nimesema nna.

Zile kanuni mpya za langoni nilikudanganya, nilizisoma. Anapiga mwenye leseni peke yake, msindikizaji anakaa nyuma ya mstari wa njano. Mimi nabeba chupa ya chai.